Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Vyumba vya Kusomea Lamu: Waachieni Vijana Wajibizane

Kwenu mliokabidhiwa maktaba, vyumba vya kusomea na shughuli za vijana hapa Lamu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kuh: Vijana wanaoandika hadithi za mashabiki

Waheshimiwa, kuna notisi imebandikwa kwenye mlango wa chumba kimoja cha kusomea. Vikundi haviruhusiwi. Simu zizimwe. Hadithi yoyote ya kusomwa kwa sauti ipitishwe kwanza na ofisi. Chumba sikitaji, na aliyeibandika simjui wala simtafuti. Nimeshika kalamu kwa sababu nasikia sheria hiyo hiyo inataka kupelekwa kwenye vyumba vingine, na nyuma yake linakuja shindano la uandishi lenye kombe na picha ya pamoja, kana kwamba moja litafidia jingine.

Mimi nina duka la fotokopi upande wa Langoni. Mchana nachapa barua za kuomba kazi, fomu za basari na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Jioni wateja hugeuka: wasichana wa shule walioazima simu ya mama, vijana wa boti, fundi mmoja wa kuchonga milango. Hao huja kuchapa sura mbili tatu za hadithi zao ili zimfikie mwenzao asiye na bando. Mwanzo nilizisoma kwa kuibia, maana karatasi ikitoka kwenye mashine jicho halina adabu. Baadaye nikaanza kuziomba. Leo nimo kwenye kundi lao la WhatsApp, mimi na mama mwenzangu mmoja, sisi ndio maadmini.

Kwa asiyejua mambo haya, hadithi ya shabiki ni ile anayoandika msomaji au mtazamaji kwa kutumia wahusika wa kazi aliyoipenda. Tamthilia ya Kituruki imeishia pabaya, yeye anaiendeleza. Katuni ya Kijapani imemuua mtu mapema, yeye anamrudisha. Anaitoa bure, sura moja moja, wasomaji wanamjibu usiku uleule, na majibu yao yanaingia kwenye sura ya pili. Ukiondoa hayo majibu, kinachobaki ni daftari la mtu mmoja kabatini.

Wala jambo hili halikuletwa na simu. Tamthilia ya Star Trek ilianza kurushwa Marekani mwaka 1966, na kufika 1967 mashabiki wake walikwisha kutoa jarida lao wenyewe, Spockanalia. Majarida ya namna hiyo yalitolewa nakala kwa mashine, yakabanwa kwa pini, yakapelekwa kwa posta, na wasomaji wakaandika barua kusema kipi kimewapendeza na kipi hakikuwaingia akilini. Wengi wa waandishi wake walikuwa wanawake. (Mniwie radhi, mtu wa fotokopi hawezi kuipita habari hiyo bila kujinyoosha kidogo.) Intaneti ilipokuja, wakahamia huko. FanFiction.Net ikafunguliwa 1998, Wattpad ikaanzishwa Kanada mwaka 2006, na mwaka 2009 likafunguliwa ghala linaloitwa Archive of Our Own, ambalo leo lina kazi zaidi ya milioni 10. Ghala hilo halina matangazo ya biashara. Linaendeshwa na watu wanaojitolea, kwa michango ya wasomaji wake, na mwaka 2019 lilipewa tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa za hadithi za kubuni za sayansi na maajabu. Ukifungua orodha yake ya lugha, Kiswahili kimo. Kazi zilizomo kwa Kiswahili ndizo haba.

Sasa turudi nyumbani, kwani sielewi Lamu, kati ya miji yote, inaogopa nini hapa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyachukua mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani yetu, na kila beti ya mistari miwili akaitangulizia mitatu ya kwake, mpaka ikawa mitano. Hiyo ndiyo takhmisi, na hakuna mwanachuoni aliyemwita mwizi. Mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Kuduhu pale Shela, Lamu ikipigana na Pate na Mombasa, Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walirushiana mashairi, huyu akiyashika maneno ya yule na kumrudishia. Hakuna aliyetakiwa apeleke beti zake ngomeni zikagongwe muhuri. Ngome yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa! Na utendi wa Liyongo mnaowafundisha watoto aliutunga Muhammad Kijumwa, mtu wa hapa hapa, mwaka 1913, kwa habari na mashairi yaliyokuwa yakisimuliwa kabla ya baba yake kuzaliwa. Kijumwa alipenda hadithi ya watu, akaiandika upya kwa mkono wake.

Niwaonyesheni linavyokwenda, maana naona wengi wenu mmeliona jambo hili kwa mbali tu, kichwa cha mtoto kimeinamia simu.

Kuna msichana wa sekondari ambaye kwenye kundi hujiita Asumini. Alianza hadithi ya Saada. Mnamkumbuka Saada, kijakazi aliyekuwa akimpelekea Liyongo chakula gerezani. Walinzi walikuwa wakila chakula kizuri na kumwachia mfungwa makombo, ndipo Liyongo akatuma ujumbe kwa mamake, kwa mafumbo, auoke mkate wa wishwa, yaani pumba, na ndani yake atie tupa ya kukatia chuma. Walinzi wakaudharau ule mkate. Usiku kukapigwa gungu, na chini ya sauti za ngoma na pembe jamaa akakata minyororo. Kila mtu mjini anaijua. Asumini akauliza swali ambalo sikumbuki kuulizwa nikiwa shule: kulipokucha, Saada alikuwa wapi? Walinzi walijua nani aliuleta ule mkate.

Sura ya kwanza akaitoa usiku wa kuamkia Ijumaa. Wa kwanza kujibu ni yule fundi wa milango. "Dada, walinzi wana mato. Mkate wataukata kabla hawajauachia." Asumini akamjibu kwamba wataukata wakiutaka, na huu hawautaki. Wengine wakaingia kati, mabishano yakaenda hadi saa za kulala. Kesho yake kijana mmoja wa Siyu akaleta sauti ya bibi yake, ameirekodi jikoni, sufuria zinalia nyuma. Bibi alisikiliza sura ile ikisomwa, akacheka, kisha akasema huyu mtoto hajapata kuoka wishwa. Wishwa haishikani, alisema. Ukiutia chuma ndani utapasuka kabla haujatoka uani. Lazima uchanganywe na kitu cha kuushika, uwe mnene, uungue nje. Na yule kijakazi asiubebe juu, auweke chini ya vyakula, ili mkono wa mlinzi ukome kwenye vitamu.

Asumini akaiandika sura upya. Sasa Saada anatembea na sinia kichwani akihesabu hatua, maana mkate ukipata ufa kidogo tu, chuma kitaonekana. Hofu yote ya sura ile ikahamia kwenye ule ufa. Mimi ni mtu mzima na mwisho naujua, na bado niliisoma nimesimama.

Haikuishia hapo. Kijana wa boti akauliza, hivi kukata pingu kwa tupa kunachukua muda gani? Fundi wa kuchomelea akamjibu kwamba tupa ndogo, na mkono hauna pa kuegemea, usiku mmoja ni mdogo, labda ngoma zisisite mpaka alfajiri. Basi gungu likarefushwa, na kwa kurefushwa likazaa mtu mpya, mpiga ngoma aliyechoka anayetaka kwenda zake kulala na Saada anamsihi aendelee bila kumwambia kwa nini. Huyo mpiga ngoma hayumo popote kwenye utendi. Ametokana na swali la mtoto wa boti na jibu la mtu mwenye karakana.

Halafu wakagawanyika. Nusu wanataka Saada akamatwe, nusu wanataka avuke salama. Asumini akamwacha akamatwe. Msichana mwingine akamwomba ruhusa, akapewa, akaandika mwisho wa pili ambamo Saada anapanda jahazi, na juu yake akaweka lebo: "Mwisho mwingine, Asumini ameridhia." Waliochukia kifo walisoma huu, wenye roho ngumu wakabaki na ule.

Nawauliza, mwalimu gani wa insha, na darasa lake limejaa hadi dirishani, ana nafasi ya kumpa mtoto mmoja yote hayo? Siwalaumu walimu. Kuna shule moja, siitaji, ilimnyang'anya mtoto daftari la hadithi kwa kuwa "halimo kwenye mtaala," na nilisikitika, lakini mwalimu yule ana madaftari mengine kama yale ya kusahihisha hadi usiku. Ninachosema ni kwamba mtaala wetu wa sasa, huu unaozingatia umilisi, umeorodhesha mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, na umilisi wa kidijitali. Watoto hawa wanavifanya vyote vitatu baada ya saa za shule, bila kulazimishwa, kwa Kiswahili, na tunawabandikia notisi.

Nijibu sasa hoja ya notisi, kwani si ya kipuuzi yote.

Mnasema mnachunga maadili. Nasi tunachunga. Watoto hawa wana kanuni ambazo wengine kati yenu hawajui zipo. Hadithi ikiwa na kifo, au kipigo, au jambo la kumtonesha mtu, mwandishi hutaja juu kabisa kabla ya mstari wa kwanza, ili asiyetaka apite. Desturi hiyo wameitoa kwenye lile ghala kubwa, ambalo humtaka mwandishi aseme kazi yake inafaa rika gani na kama ina mambo mazito. Kwetu wamekaza zaidi: kwa kuwa kundini mna wadogo, hadithi za chumbani haziingii kabisa. Mwenye nazo atafute pengine. Ukimsahihisha mtu, huandiki "mbaya". Unasema ni wapi na kwa nini. Maneno ya kundini hayapigwi skrinshoti bila ruhusa. Ukichukua wazo la mwenzako, unamtaja. Na hakuna kuuza, kwa sababu wahusika wengi si wetu. Haki ya kuzitengeneza upya kazi za fasihi za watu, kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, ni ya mwenye kazi hadi miaka 50 ipite tangu mwaka aliofariki. Ndiyo sababu nawasukuma waandike za Liyongo na Saada. Hizo hazina mwenye kudai.

Kanuni hizo zimejaribiwa. Mtu mmoja alizichukua sura za Asumini, akabadilisha jina, akaziweka kwingine na namba ya simu ya kutumiwa pesa. Waliomgundua ni wasomaji. Wale wale waliobishana juu ya wishwa waliujua ule mkate mara moja! Waliandika kwa adabu, wakaonyesha tarehe, na zile sura zikaondolewa. Ofisi ingemjuaje mwizi huyo, ikiwa haikuwa kwenye mazungumzo?

Hilo la kupitisha kila hadithi kabla haijasomwa ndilo litakaloua kila kitu, na nalisema bila kuzunguka. Hadithi ya sura kwa sura ina joto lake. Sura ikikaa wiki tatu kwenye trei ya mkubwa, wasomaji wameondoka, mwandishi amesahau alitaka kusema nini. Mwenye kupitisha naye ataogopa lawama, na mtu mwenye kuogopa lawama hukataa. Mwaka 2007 kampuni ya LiveJournal ya Marekani, yenye tovuti ya shajara za watu, kwa kushinikizwa na watu waliodai wanalinda watoto, ilifunga kurasa mamia kwa kuangalia maneno ambayo wenye kurasa waliyaorodhesha kuwa mambo wanayojihusisha nayo. Zilizofungwa zilikuwamo za mashabiki wa kawaida, za watu wanaojadili fasihi, na hata za waliotendewa uovu wakiwa wadogo na wakawa wanasaidiana. Kampuni ikaja kuomba radhi na kuzirudisha nyingi. Lakini waandishi walikwisha kujifunza kitu, na mwaka uleule wakaanzisha shirika lao, ndilo lililojenga lile ghala nililowaambia. Wa Lamu hawana pesa za kujenga ghala. Wao watakwenda tu mahali ambapo hakuna mama wa kuwaangalia.

Na hatari ipo, siifichi. Yaliyonikosesha usingizi hayakuwa kwenye hadithi. Yalikuwa pembeni: mtu mzima anayesifia sura ya msichana kundini, kisha anamfuata kwa ujumbe wa faragha, kisha anauliza anasoma shule gani. Tumemtoa mtu kwa hilo. Kanuni yetu ni kwamba mkubwa hamwandikii mdogo faragha, kwa sababu yoyote, hata kumsahihisha herufi. Watoto wanajua kwamba akiandikiwa hivyo anamletea mmoja wetu wawili, na wanaijua namba 116 ya kuripoti madhila ya watoto, ambayo hupigwa bure. Hapa ndipo tunapowahitaji hasa. Mama wawili wenye simu hawatoshi. Nipeni afisa mmoja wa watoto ambaye nikimpigia saa mbili usiku atapokea, nami nitawasamehe notisi kumi.

Niseme la shindano. Najua limetoka moyoni, na najua bajeti ya shindano hupita kirahisi kuliko bajeti ya viti. Lakini mtawakosa mnaowatafuta. Fomu za mashindano zinataka jina kamili, shule, picha, na siku ya zawadi mshindi apande jukwaani. Waandishi bora kundini ni wasichana, na karibu wote wanatumia majina ya kubuni. Wengine baba anajua, wengine baba hajui. Wengine hawana cha kuficha, ila tu hawataki watu wa mtaani wamwambie mama yao dukani kwamba binti yako anaandika habari za mapenzi, wakati alichoandika ni kijakazi na mkate. Ni haya yao, na mji huu ndio uliowafunza. Wenzetu wa lile ghala wamelifikiria jambo hili: mwandishi akitaka kujitenga na kazi yake anaweza kuiacha ibaki isomwe, jina lake likaondolewa. Wanaiita kazi yatima. Nilipowaeleza wasichana, mmoja alisema papo hapo, "Basi siku ya harusi yangu nitaziacha yatima zote." Tulicheka, na sidhani alikuwa anatania.

Tena Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Kabla ya kuchapisha fomu za shindano, mwulizeni wakili wenu.

Zaidi ya hayo, shindano linamtaka mtu mmoja ashinde. Ile sura ya Saada mngempa nani kombe? Bibi wa Siyu? Fundi wa kuchomelea? Wangeanza kufichana mawazo siku hiyohiyo. Kama pesa za kombe zipo, zinunulieni ruta.

Maombi yenyewe ni haya. Chumba kimoja, jioni tatu kwa wiki, baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi ili wasichana wafike nyumbani kabla ya giza, na vikundi viruhusiwe humo. Wanaotaka kimya wabakiwe na chumba chao, nao wana haki. Simu zisizimwe, ziwekwe bila sauti. Kwa wengi wa watoto hawa simu ndiyo kalamu. Intaneti ya maktaba iwafae pia wa Faza, Kizingitini na Matondoni wanaokuja mjini siku ya mnada au hospitali, kwa maana ya kwamba mtu asiambiwe alete kitambulisho ambacho hana umri wa kuwa nacho. Kanuni za chumba waziandike wao, nanyi mzisome na kuongeza penye upungufu, mkiwa mmekaa nao. Ofisi isipitishe hadithi. Ikiwa kuna malalamiko juu ya hadithi iliyokwisha kusomwa, yaje, yasikilizwe, na mwandishi awepo.

Na moja ambalo wengine wataliona dogo. Mkono wa Kijumwa uliandika na kunakili miswada mingi, na mingi ya miswada yetu leo mtu wa Lamu akitaka kuishika mkononi aende London, kwenye maktaba ya chuo kikuu cha SOAS. Waliichukua kwa kuwa walikuwa na kabati na sisi hatukuwa nalo. Hadithi za watoto hawa zimelala kwenye mitambo ambayo sijui hata iko nchi gani, na simu ikitumbukia baharini (na hapa kwetu simu hutumbukia) zimekwenda. Nawaomba rafu moja. Kila mwisho wa mwaka, wanaoridhia wachape kazi zao kwa majina wayatakayo, zifungwe, ziwekwe rafuni pamoja na majibu ya wasomaji. Majibu yasiachwe. Kuchapa na kufunga nitafanya mimi, karatasi tu mnisaidie. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka mnatafuta kitu cha kuonyesha, hicho hapo.

Hili si jambo la kuniambia niende Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba mikononi mwa kaunti, zikifuatana na makumbusho na shughuli za utamaduni. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa, na cha 11 kinaitaka Serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa mkazi haki ya kupeleka ombi. Nami nimelipeleka. Nakala yenye wino inaletwa ofisini wiki hii, imetiwa sahihi na wazazi ambao wanajua watoto wao wanaandika. Sahihi za waandishi wenyewe hamtazikuta, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza, na naomba asitumwe mtu dukani kwangu kuziuliza. Mkitaka kukutana nao, tangazeni siku, semeni hakutakuwa na kamera, nao watakuja na maswali yao.

Wenu katika kujenga mji,

Mwenye duka la fotokopi, Langoni, Lamu